Aliyekaa Kusikiliza

Asubuhi, ukisimama juu ya ukuta wa Nyumba ya Mungu, jua hukujia kutoka nyuma ya milima. Ugweno na Usangi ziko mashariki kama ukuta wa pili uliojengwa na fundi mwingine. Ukifuata vilele kuelekea kusini unafika juu ya mji wa Same, na mbele yake Shengena, mita 2,462, mara nyingi umetandwa na ukungu. Chini yako yako maji ya Kikuletwa na Ruvu, mito miwili iliyokuwa ikikutana hapa na kuzaa Pangani, hadi ilipofungwa katikati ya miaka ya 1960 ili izungushe mitambo ya umeme ya megawati 8. Tambarare ikazama pamoja na vichaka vyake na mapito ya ng'ombe. Wavuvi wakamiminika kutoka mbali, samaki wakajaa kwa miaka michache, kisha wakapungua, na ugomvi wa nyavu ukaanza.

Mtu aliyesoma kidogo habari za Sigmund Freud akifika hapa hushikwa na tamaa ya kusema kwamba moyo wa binadamu ni bwawa. Freud mwenyewe aliipenda lugha hiyo: nguvu za nafsi zina mkondo na shinikizo, ukiziba hapa zitatokea pale. Mfano huo una ukweli wake, ila umechakaa, na una kasoro moja kubwa. Bwawa halihitaji mtu wa kulisikiliza. Habari ninayotaka kuisimulia inawahusu watu waliokaa kusikiliza, na wengine waliopewa kiti hicho wakakitumia kuhukumu.

Tuanzie mlimani. Kabla ya reli na kabla ya misheni, kila ukoo wa Kipare ulikuwa na mpungi wake, kichaka kitakatifu ambamo mafuvu ya wazee waliotangulia yalitunzwa na panga halikuingia ovyo. Mtu akikosa usingizi, akiandamwa na marehemu ndotoni, au kijana akianza kusema peke yake njiani, haikutosha kumuuliza anaumwa wapi. Aliulizwa ana neno gani na nani. Deni la mahari lililosahauliwa, mzee aliyezikwa bila heshima yake, kiapo kilichovunjwa: mganga alipekua humo. Kisha ndugu waliitwa, mbuzi akachinjwa, dengelua ikamiminwa chini, na maneno yakasemwa kwa sauti mbele ya wote, pamoja na yale ambayo watu walikuwa wameyameza kwa miaka. Watani wetu husema Mpare huuza ng'ombe ili apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Ni utani, lakini ndani yake mna jambo: watu hawa waliamini tangu zamani kwamba neno lisiposemwa mpaka likaisha, halijaisha.

Sitaki kuupaka mlima huo asali. Kikao kilekile kilichomponya mmoja kiliweza kumtaja mwingine kuwa mchawi. Mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, kigego, alihesabiwa kuwa mkosi, na huko Mbaga bado wageni huonyeshwa mwamba wa Malameni na kusimuliwa habari za watoto ambazo mtu huzisikiliza akiwa amekunja uso. Hofu ya watu wazima ilitafuta wa kubebeshwa, na mara nyingi ilimpata aliye mdogo.

Zama hizohizo, mjini Vienna, msichana wa miaka 21 alikuwa akimuuguza baba yake. Jina lake Bertha Pappenheim. Kabla mwaka 1880 haujaisha, mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, macho yakamdanganya, na mwaka uliofuata Kijerumani, lugha aliyozaliwa nayo, kikampotea ulimini akabaki na Kiingereza. Daktari Josef Breuer alikuwa akienda kumwona jioni. Hakuwa na dawa ya maana, basi alikaa akasikiliza. Wakati fulani msichana alishindwa kunywa maji kwa wiki kadhaa ingawa kiu ilimtesa. Jioni moja akasimulia jinsi alivyomkuta mbwa wa mwanamke aliyekuwa akikaa naye akinywa kwenye glasi, na jinsi alivyojizuia kusema lolote kwa adabu. Alipomaliza kuitapika chuki ile, akaomba maji, akanywa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipa shughuli hiyo jina, kwa Kiingereza chake cha ugonjwani: tiba ya maongezi. Akitania aliiita kufagia dohani.

Breuer na Freud walichapisha habari zake mwaka 1895, wakamficha kwa jina la Anna O. Kitabu kinamfanya msomaji aamini kwamba alipona palepale. Hapana. Mwaka 1882 alipelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa huko Kreuzlingen, Uswisi, na akaumwa kwa miaka mingine kadhaa. Baadaye alisimama kweli: mwaka 1904 alianzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani na kupigana na biashara ya kuuza wasichana. Nayasema haya kwa sababu tiba hii ilizaliwa na chumvi kidogo tangu siku ya kwanza, na wanaoipenda wasilisahau hilo.

Freud alitoka na wazo moja zito. Kilichosahauliwa hakijaondoka, kinarudi kimevaa nguo nyingine, mara maumivu ya tumbo yasiyo na kidonda, mara hasira isiyolingana na kosa, mara ndoto. Waswahili waliokwisha kusema kikulacho ki nguoni mwako wangemwelewa bila taabu. Tofauti yake na mzee wa Usangi ilikuwa ya anwani tu. Kwa mzee yule, baba aliyekufa na kinyongo anakaa mpungini na ndiko anakopelekewa mbuzi. Kwa Freud, baba huyo amehamia ndani ya mwanawe, anakula naye, analala naye, anamkaripia kwa sauti ambayo mwana anadhani ni yake mwenyewe.

Mwaka 1913 Freud alitoa kitabu Totem und Tabu, juu ya mizimu, miiko na hatia ya watu aliowaita washenzi. Aliyaandika hayo yote bila kuondoka kwenye kiti chake, akitegemea vitabu vya wengine. Na huku Upare, miaka ileile, walikuwapo Wajerumani wawili waliokuwa wakiusikiliza mlima wenyewe. Jakob Janson Dannholz wa misheni ya Leipzig aliishi Mbaga. Kitabu chake juu ya Wasu, yaani Wapare, na mizimu yao kilitoka mwaka 1916. Ernst Kotz alikuwa Msabato. Wasabato walifika Upare Kusini mwaka 1903, na Kotz aliandika sarufi ya Chasu, akafasiri Agano Jipya, kisha mwaka 1922 akachapisha kitabu chake cha mila za Wapare. Vitabu hivyo viwili, vya madhehebu mawili yasiyopatana, vina vichwa vinavyokaribia kufanana: cha kwanza kinasema Wapare wako katika kifungo cha kuamini mizimu, cha pili kinasema wako katika kifungo cha hofu.

Neno hilo la kifungo lanivutia. Ndilo ambalo Freud angelitumia kwa mabibi wa Vienna. Wamisionari walisikiliza kwa bidii, wakauliza, wakaandika hata majina ya mimea, na bila wao tusingekuwa na nusu ya tunayoyajua. Lakini walisikiliza kama wakili wa upande wa pili anavyosikiliza ushahidi. Jibu walikuwa nalo mfukoni kabla mzee hajafungua kinywa.

Kwa wale ambao hofu iliwazidi kabisa, Wajerumani walikuwa na jibu jingine. Kusini mwa Upare, katika milima ya Usambara, wamisionari walijenga kituo cha Lutindi mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani. Watoto wakakua wakaondoka, na mwanzoni mwa karne ya 20 majengo yakageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili, ya kwanza Afrika Mashariki. Dawa ya Lutindi ilikuwa sala, utaratibu na jembe. Kwa zama zile haikuwa mbaya. Kwingine watu walifungwa kwenye magogo. Waingereza walipoichukua nchi wakajenga Dodoma, mwaka 1927, hospitali ambayo leo ni Mirembe, na pembeni yake Isanga kwa ajili ya wahalifu wenye ugonjwa wa akili. Nchi nzima ikapata msemo mpya. Hata leo watoto wakigombana shuleni, mmoja atamwambia mwenzake apelekwe Mirembe, kama vile Wakenya wanavyosema Mathari, hospitali yao ya wagonjwa wa akili. Hivyo ndivyo tiba ya kizungu ya nafsi ilivyotambulishwa kwetu: ukuta, lango na gari la kukupeleka. Maongezi hayakuwamo.

Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilipata nafasi nzuri ya kusikiliza, pale Same. Wapare walikuwa wamewekewa kodi ya kukadiriwa mtu kwa mtu, iliyopewa jina la mbiru, na watu wakaona inafungua mlango wa upendeleo na matusi. Maelfu ya wanaume walishuka milimani wakakusanyika nje ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Hawakuchoma nyumba. Walikaa, kwa miezi mingi, wakitaka kusikilizwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyewaandikia Wapare historia yao, ametuachia kijitabu kizima juu ya sakata hilo. Sababu ya kulileta hapa ni hii: si kila kukosa usingizi kunatoka utotoni. Mtu aliyekosa usingizi Same mwaka 1945 huenda alikuwa na kodi tu.

Kwa nini tahadhari hiyo? Kwa sababu miaka michache baadaye kaskazini ya mpaka alitokea mtu aliyefanya kinyume. J. C. Carothers alikuwa daktari wa serikali Kenya, aliyekabidhiwa hospitali ya Mathari mwaka 1938 bila kuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, akidai kwamba Mwafrika wa kawaida amefanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikamwomba aeleze Mau Mau, naye akaandika kana kwamba watu waliopokonywa ardhi walikuwa wagonjwa waliochanganywa na mabadiliko. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimjibu katika kitabu ambacho Watanzania walikuja kukisoma kwa Kiswahili kama Viumbe Waliolaaniwa. Lugha ya nafsi, ikiwa mikononi mwa mtu asiyesikiliza, ni rungu kama rungu jingine.

Ukiwa juu ya milima ya Upare siku ya anga safi unaiona Taita ng'ambo ya mbuga. Wadawida, watu wa huko, ni majirani na ndugu. Zipo koo za Kipare zinazosimulia kwamba asili yao ni huko. Kati ya mwaka 1950 na 1952 mwanaanthropolojia Grace Harris aliishi nao, na mwaka 1957 akaandika juu ya jambo lililowapata wake za watu, liitwalo saka. Mwanamke alikuwa akitetemeka, akatikisa mabega na kichwa, macho yamefumba, mpaka azirai. Kilichomwanzisha kilikuwa kitu kidogo: kiberiti kikiwashwa, mngurumo wa motokaa, harufu ya sigara. Harris alitazama orodha ya vitu hivyo akagundua kwamba vingi vilikuwa vitu vya wanaume, vya safari na vya fedha, katika nchi ambako mke hakurithi shamba wala hakununua ng'ombe. Ngoma ilipigwa, mgonjwa akacheza. Pengine alinyweshwa maji yaliyofuliwa nguo ya chini ya mumewe. Pengine mume alilazimika kumletea alichokililia.

Msomaji wa Freud hapa angeruka kwa furaha: hamu iliyokatazwa kusemwa imesemwa na mabega. Mimi nasema aruke, ila asiruke juu sana. Mwanamke wa Taita alikuwa amepata mahali ambapo haja yake ingesikika bila yeye kuitwa mlafi, na kijiji kizima kilishirikiana naye kulinda siri hiyo iliyo wazi. Vienna mwanamke kama yule alilazwa peke yake chumbani. Ukiniuliza ni jamii ipi iliyokuwa na akili zaidi katika jambo hili moja, nitajibu bila kusita. Lakini saka ilirudi tena na tena, kwa sababu ngoma ilituliza mwili na shamba likabaki la mume.

Mwaka uleule wa 1954 ambao Carothers alikuwa akiieleza Mau Mau, alifika Uganda mwanamke ambaye naye alikuwa na maswali juu ya nafsi. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, alimfuata mumewe aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Tavistock, London, chini ya John Bowlby. Bowlby alikuwa mfuasi wa Freud kwa mafunzo na mwasi kwa tabia. Wenzake waliamini mtoto hampendi mama ila kwa sababu ya maziwa. Yeye alikuwa ameona watoto waliotenganishwa na mama zao wakiwa wameshiba na huku wakinyauka, na mwaka 1951 akaliandikia hilo Shirika la Afya Duniani. Shirika lilelile, mfululizo uleule wa vitabu, miaka miwili kabla ya Carothers. Mambo ya ofisi za Geneva hayo.

Ainsworth alikuwa amesikia kwamba Waganda humwachisha mtoto ziwa ghafla na kumpeleka kwa bibi, akataka kuona utengano huo unafanya nini. Alipofika akakuta desturi hiyo karibu imekufa. Mwingine angefunga daftari. Yeye alibadili swali. Kwa miezi kadhaa, akiwa na mkalimani wake Katie Kibuka, alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila mara, alasiri ambapo wanawake wa Kiganda hupokea wageni. Alikaa sebuleni akatazama watoto 28 ambao hawajaachishwa ziwa. Malipo yake kwa akina mama yalikuwa maziwa ya unga kwa bei nafuu na usafiri wa kwenda kliniki.

Aliyoyaona kila mama wa Upare anayajua, na labda ndiyo sababu hakuna aliyewahi kuyaandika. Mtoto anatambaa mbali na mama, anafika mlangoni, anageuka kumtazama, anaendelea. Mgeni akimtisha, anarudi mbio magotini mwa mama, anatulia, anatoka tena. Mama ni kituo ambacho mtoto hutokea kwenda kuuona ulimwengu. Watoto 16 walikuwa na kituo imara. Saba walilia hovyo hata wakiwa mikononi, watano walikuwa hawajajifunga kwa mama. Akatafuta tofauti inatoka wapi. Ilihusiana sana na jinsi mama alivyoeleza habari za mwanawe. Mama aliyeweza kukaa na kusimulia kwa kina, mtoto anapenda nini, anaogopa nini, kilio hiki cha njaa na kile cha usingizi, huyo mtoto wake alikuwa ametulia. Yaani mtoto aliyesikilizwa kabla hajajua kusema.

Kitabu cha Ainsworth kilitoka mwaka 1967, katika muongo uleule wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Bowlby aliichukua habari ya Uganda kuwa nguzo ya nadharia yake ya mafungamano, iliyowakera wenzake wa London kwa muda mrefu. Kwa hiyo mtu akikuambia saikolojia ya aina hii ni ya Wazungu, mjibu kwamba nusu ya msingi wake ulichimbwa sebuleni kwa Waganda.

Kiti cha daktari nacho kilibadilika. Freud alimlaza mgonjwa kitandani mara tano au sita kwa wiki, naye akaketi nyuma yake asionekane. Warithi wake walipunguza siku, wakaweka viti viwili vinavyotazamana, na tiba hiyo iliyofupishwa ndiyo inayoitwa ya saikodainamiki. Inafanyaje kazi? Tuseme yupo mwalimu Same, mtu hodari, ambaye kila mwalimu mkuu humgeukia adui. Amehamishwa shule nne, na kote kisa ni kilekile: mwanzo mapenzi, kisha dharau ya kudhaniwa, kisha barua ya kuhamishwa. Anaanza kwenda kwa mtaalamu mara moja kwa wiki, dakika 50. Miezi ya kwanza anawalaani wakuu wake. Mwezi wa nne anaanza kuchelewa. Mwezi wa tano anasema: najua hata wewe unanidharau.

Ushauri wa kawaida ungemwambia si kweli, jitahidi. Hapa ndipo kazi yenyewe inapoanza. Yule aliyemdharau wa kwanza, pengine baba aliyerudi mwisho wa mwaka kutoka mashamba ya mkonge na kumkagua mwana kama karani anavyokagua hesabu, ameingia chumbani na kuvikwa uso wa mtaalamu. Freud aliliona jambo hili mapema, akaliita uhamisho. Mtaalamu hajitetei wala haondoki. Wanaketi wawili wakiitazama hasira hiyo ikiwa hai, na mwalimu, kwa mara ya kwanza, anamkasirikia mtu ambaye halipizi na wala hatoweki. Baadaye, jambo hilo likirudiwa mara nyingi, linaanza kuaminika. Hakuna siku moja ya muujiza. Siku moja tu anagundua kwamba amepokea karipio la mkuu wake, limemuuma, na amelala.

Mwaka 2010 Jonathan Shedler, mwanasaikolojia wa Marekani, alikusanya matokeo ya tafiti nyingi akadai kwamba faida ya tiba hii huendelea kukua hata baada ya vikao kwisha. Wapinzani walimshambulia kwa namna alivyohesabu, na ubishi haujazimika. Udhaifu wake mwingine hauhitaji mtafiti: ni ghali, ni ndefu, na inadai mtu aitoe siri ya nyumbani kwake mbele ya mgeni. Kwetu mambo ya ndani husitiriwa. Tunasema siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini sisi hao hao tunasema mficha maradhi kifo humuumbua, na mtu hukaa katikati ya methali hizo mbili akichagua kulingana na maumivu yake.

Tanzania ilijaribu njia yake. Mwaka 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ulianza mpango wa kuitoa tiba ya akili Mirembe na kuifikisha kwenye zahanati, na mikoa miwili ya majaribio ilikuwa Morogoro na Kilimanjaro, yaani mkoa wetu. Wahudumu wa vijijini walifundishwa kutambua na kutoa dawa karibu na nyumbani. Ilikuwa hatua kubwa. Mgonjwa wa Gonja au Kisiwani hakulazimika tena kusafirishwa Dodoma kama mzigo. Wakati wa kukaa na kuongea, hata hivyo, haukuwamo katika zahanati yenye mhudumu mmoja na foleni ya malaria.

Kilichofuata kilitoka tena Uganda. Wamarekani wawili, Gerald Klerman na Myrna Weissman, walikuwa wametengeneza katika miaka ya 1970 tiba fupi ya huzuni, wakichota kwa Bowlby na kwa wafuasi wengine wa ukoo wa Freud. Haipekui utoto kwa miaka. Inauliza huzuni hii ilianza ulipompoteza nani, unagombana na nani, maisha yako yamegeuka wapi. Mzee wa mpungini angeyatambua maswali hayo yote. Mwaka 2002 tiba hiyo ilipelekwa Masaka na Rakai, wilaya zilizokuwa zimepigwa vibaya na ukimwi. Watafiti walianza kwa kuwauliza wenyeji wana majina gani kwa mateso yao, wakapewa mawili: moja la kujichukia, jingine la kujihurumia. Halafu vijiji 30 vikapigiwa kura. Katika nusu yake watu walikutana kwa vikundi vidogo, wanawake kwao na wanaume kwao, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Waliowaongoza walikuwa watu wa hukohuko waliofunzwa kwa wiki mbili.

Kabla ya vikundi, asilimia 86 ya washiriki walikuwa na sonona. Baada yake ikabaki asilimia 6.5. Katika vijiji vilivyosubiri, ilishuka kutoka 94 hadi 54.7, maana muda nao una mkono wake. Wiki 16 zilipokwisha watafiti wakaondoka, lakini vikundi vingi havikuvunjika. Watu waliendelea kukutana bila kiongozi na bila posho, jambo ambalo aliyewahi kuandaa semina Afrika Mashariki atalipima uzito.

Na karibu na bwawa letu? Moshi, kaskazini ya Nyumba ya Mungu, na Bungoma ng'ambo ya mpaka, ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 juu ya watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Tiba yenyewe ni ya tawi jingine, lile linalofundisha kubadili mawazo na mazoea, Freud angeikana. Waliotoa huduma hawakuwa wataalamu wa akili, walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa. Watoto walikutana kwa vikundi mara 12, na kati ya mikutano hiyo kila mmoja alikuwa na vikao vyake vichache peke yake. Humo ndimo alimosimulia kifo chenyewe: ilikuwa siku gani, nani alikuja kumwita, alivaa nini, alikatazwa kuingia chumba kipi. Sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kumwandaa mlezi, shangazi au bibi au mjomba, ambaye kwa miaka yote alikuwa akinyamaza ili mtoto asiumie, huku mtoto naye akinyamaza ili bibi asilie. Halafu mlezi anavuta kiti, anakaa, na mtoto anaanza kumsimulia.